Uzito wa Jemadari

9 Februari

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka kwenye nyumba ambayo wiki nzima imeingiwa na mtu mmoja tu, naye ni jirani aliyekuja kuazima ngazi. Mimi ni mzima. Kazi ipo. Nimezunguka soko kubwa lote nikikagua mizani za wauza nyama, na ni kama kawaida: kila mizani iliyoharibika inampunja mnunuzi. Miaka yote hii sijakutana hata na moja inayompunja mwenye duka. Goti lako linaendeleaje? Na mapazia, watu bado wanaagiza? Ningekupigia simu, lakini unajua sikio langu moja limeshakufa na la pili liko njiani kulifuata.

Nakuandikia kwa sababu ya Jemadari. Huyu ni yule kinyonga ambaye binti yangu alimwokota kwenye ua wa shule, akaniachia alipokwenda kusomea uuguzi. Aliniambia, “Baba, ni mpaka likizo tu.” Sasa Jemadari hali. Nakwenda kila asubuhi nyuma ya ghala kumtafutia panzi, mzee mzima nakimbizana na wadudu kwenye majani, mlinzi wa ghala amezoea, siku hizi hata hacheki. Nikirudi nao, Jemadari anawatazama kwa jicho moja, halafu analigeuza jicho upande mwingine kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

La ajabu ni hili. Nampima kila Jumapili kwenye ile mizani ndogo ya masonara. Hali kitu, lakini anazidi kuwa mzito. Nilidhani mizani imeniharibikia, nikaivua pete yangu ya ndoa nikaipima, ikasoma uzito wake uleule wa siku zote. Basi mizani ni nzima, mgonjwa ni Jemadari. Tena hatulii. Anashuka kwenye tawi, anakwaruza mbao za chini ya tundu mpaka kucha zinaacha alama, anapanda, anashuka tena. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Ni kijana mpole. Akaniambia, “Mzee, nisikudanganye, mimi ni wa ng’ombe na mbuzi. Huyu hata kumshika sijawahi.” Akanipa matone ya kutia nguvu, basi.

Na lile jingine. Tangu binti yangu aandike kile kikaratasi cha Oktoba kwamba yuko salama, nisimtafute mpaka awe na la kuniambia, sijapata neno lake. Chuoni walinijibu kwamba aliondoka kwa hiari yake. Mtoto huyu amekupenda wewe tangu alipokuwa anatambaa. Je, umesikia lolote?

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Mimi na goti langu tunakusalimu. Tunaendelea hivyohivyo, mmoja akitaka kwenda, mwingine anataka kukaa. Barua yako ilinikuta katikati ya kazi ya hoteli moja iliyoagiza mapazia ya vyumba vyote, na ndiyo sababu ya kukawia kukujibu. Nimepata msichana wa kunisaidia dukani. Mkono wake ni mwepesi na haongei sana, kwa hiyo mazungumzo nayafanya mimi.

Umeniuliza kama nimesikia lolote. Sina la kukuambia, mdogo wangu.

Sasa huyo Jemadari. Nina mteja mmoja anayewajua viumbe hawa. Nilimsomea barua yako hapa dukani. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikamkatika ghafla, akaniambia nikuandikie leo hiihii na barua iende na basi la kesho.

Jemadari wako si dume. Ni jike, na tumbo lake limejaa mayai. Usiulize ameyapata wapi, mteja anasema jike la kinyonga hutaga hata kama hajawahi kuona dume maishani mwake, kama kuku tu. Hatagi juu ya mbao, wala hatagi mbele za watu. Anataka mchanga wa kuchimba. Asipoupata, mayai yatabaki humohumo tumboni na yatamuua.

Fanya hivi. Chukua lile beseni refu la bluu lililo nyuma ya mlango wa jikoni. Lijaze mchanga safi, uumwagie maji kidogo, kiasi kwamba ukichomeka kidole na kukitoa, shimo libaki wazi. Mweke Jemadari ndani yake, halafu zungushia kitambaa kizito pande zote asimwone mtu. Hilo la kuonekana ndilo kubwa. Akiona macho yanamtazama ataliacha shimo, na wengine hawarudii tena. Nakutumia kipande cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya hoteli. Mwanga haupiti hapo.

Usichungulie. Mteja ameniambia niliandike neno hilo mara mbili. Usichungulie.

Hongera basi, ewe uliyeishi mwaka mzima na bibi ukimwita jemadari.

Dada yako


16 Machi

Dada yangu,

Salamu, na shukrani ziwe mbele ya salamu. Nyumbani ni salama. Jirani amerudisha ngazi.

Nilifanya kila kitu kama nilivyoagizwa. Mchanga niliuomba kwa mafundi wanaojenga mtaa wa nyuma, nikauchekecha. Beseni nililiweka juu ya meza, na pazia lako nikaizungushia meza yote, likashuka mpaka sakafuni. Jemadari akaingia gizani. Mimi nikahamia jikoni. Nilikula jikoni, nilisoma jikoni, nilitembea na soksi ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi. Muuza mkaa alipobisha, nilimtokea nikiwa nimeweka kidole mdomoni. Akaninong’oneza, “Kuna mgonjwa?” Nikamwambia kuna mzazi. Akanitazama, akaenda zake, na nadhani mtaa mzima sasa una habari zake juu yangu.

Tatizo lilikuwa moja. Kuchungulia siruhusiwi na kusikia siwezi. Ningejuaje kama anachimba? Mwishowe nikaenda taratibu nikakaa sakafuni upande wa nje wa pazia, nikaweka kiganja kwenye mguu wa meza. Dada, niliuhisi. Mkwaruzo mdogo, unakuja, unapumzika, unakuja tena. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa na mtu kwa muda mrefu hivyo.

Kesho yake mchanga ulikuwa umesawazishwa juu kama mtu aliyetandika kitanda, na yeye yuko juu ya tawi, amejaa vumbi usoni, mwembamba kama kibanio cha nguo. Nilimpima: alikuwa na gramu mia moja na ishirini, amebaki na themanini na mbili. Nikafukua kidogo. Mayai ni meupe, laini, kama maharage yaliyolowekwa. Hayana kitu ndani, najua, lakini sikuweza kuyatupa. Nimeyafukia palepale alipoyaweka.

Ila sasa ni dhaifu. Mkono wa mbele unamtetemeka, na jana aliteleza akaanguka kutoka kwenye tawi. Hakuumia. Alikaa tu palepale alipoangukia, kama anayefikiri.

Mshukuru sana huyo mteja. Mwambie beseni lilikuwa palepale aliposema, nyuma ya mlango wa jikoni. Nyumba hii nilihamia baada ya msiba wa mke wangu, na siku goti lako litakapokuruhusu kuja kuiona kwa mara ya kwanza, nitakuonyesha mlango wenyewe.

Mwambie pia kwamba mimi sina haraka. Na kwamba sijakasirika. Mteja anaweza kudhani labda nimekasirika kwa kumwita jike jemadari. Sijakasirika hata kidogo.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku mvua haikatiki, nguo hazikauki, na mwenye hoteli amebadilisha mawazo juu ya rangi baada ya mimi kukata kitambaa. Nimemwambia ukuta ndio unaopakwa upya, si pazia.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa dukani. Mteja alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Alipogeuka alisema mambo yafuatayo.

Udhaifu huo ni kwa sababu mayai yamemla mifupa. Anahitaji jua la asubuhi, jua lenyewe, lisipite kwenye kioo. Fungua dirisha umshike mkononi. Panzi wapakwe unga wa maganda ya mayai ya kuku, usagwe hata uwe kama poda. Matone ya daktari uendelee nayo. Tazama kama macho yanazama ndani. Tazama kama anashika kidole kwa nguvu au anakishika kama mtu anayesinzia. Na umpime kila wiki. Uzito usikosekane katika barua yoyote, amesisitiza hilo. Anasema uzito hausemi uongo.

Mengine uliyoyaandika nimeyasikia.

Dada yako


24 Aprili

Dada yangu,

Nakusalimu sana. Mimi nakula, nalala, nakwenda kazini.

Uzito: sabini na tisa wiki ya kwanza, sabini na saba wiki hii. Macho yamezama kidogo. Kidole anakishika, lakini inabidi nimsubiri.

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni tunakaa dirishani. Namweka mkononi, jua linampiga upande mmoja, na upande huo tu ndio unaobadilika rangi. Wapita njia wanatusalimia, mimi siwasikii, lakini naona midomo yao nami najibu. Nimegundua kuwa ninamsemesha. Nilianza na habari za mizani, nikahamia habari za bei, na juzi nikajikuta namwambia habari za mama wa mtoto.

Hili ningependa mteja alisikie, kama atakuwa karibu unaposoma. Mama wa binti yangu alipolazwa, alikuwa hataki nimwone. Kila nikifika wodini ananiambia, “Nenda kazini, mtoto yupo.” Nami nilitii, kwa sababu ilikuwa rahisi kutii. Mtoto ndiye aliyekuwepo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, amekaa kwenye kile kiti cha chuma, miezi minne. Tulipomzika mama yake niliwaambia watu wote sokoni, sasa huyu atakuwa muuguzi, atawauguza wengine kama alivyomuuguza mama. Kila mtu akasema vizuri. Yeye sikumuuliza kama anataka. Sikumuuliza aliona nini kule ndani. Mpaka leo sijui.

Basi. Panzi wamekuwa adimu, majani nyuma ya ghala yamefyekwa.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Naandika kwa kifupi, mkono umevimba kwa kazi.

Baada ya barua yako mteja hakushuka dukani siku mbili. Sasa ameshuka. Anauliza uzito.

Dada yako


1 Juni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mkono umenywea na goti halikuuonea wivu. Huku mambo ni mazuri, mazuri kwelikweli. Mvua imeisha, soko limechangamka, na daktari wa mifugo nilikutana naye njiani akaniulizia habari za mgonjwa wangu. Nimemwambia mgonjwa amepona.

Maana kweli amepona. Jemadari anakula kama hana akili nzuri. Majani yameota tena nyuma ya ghala, panzi wamerudi, wanene, anawanasa kwa ulimi kutoka mbali, hakosei. Mkono hautetemeki tena. Anapanda pazia lako mpaka juu kabisa na kushuka, anapanda na kushuka, na rangi yake asubuhi ni ya kijani kibichi ambayo sijapata kuiona. Ngozi ya zamani imembabuka yote, ametoka mpya. Ungemwona ungedhani ni mwingine.

Sasa nina maswali kwa mteja, kama hatachoka na mimi. Je, kinyonga akishapona apewe tawi kubwa zaidi? Ni majani ya mti gani anayoyapenda kulalia? Je, anaweza kutaga tena, na nijiandae lini? Je, ni kweli kwamba wanamtambua mtu, au ni mimi najidanganya? Ajibu polepole, lolote atakalokumbuka. Hata kama ni dogo.

Msiache kuniandikia.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Leo sitaanza na goti.

Barua yako ilifika Jumanne. Sikuisoma kwa sauti, nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma, akarudi mwanzo akaisoma tena, halafu akazima cherehani. Akaniambia, “Shangazi, Jemadari amekufa.”

Nikamwambia, “Wewe, baba yako kaandika ukurasa mzima, anakula, anapanda pazia.”

“Hajaandika uzito,” akasema. “Baba anaweza kudanganya habari za panzi. Uzito hawezi kuudanganya. Ndiyo maana ameuruka.”

Akapanda juu akalala na viatu.

Umeshajua, najua kwamba unajua, tangu lile beseni. Nilipoweka barua ile kwenye basi ndipo nilipokumbuka kuwa sijawahi kukanyaga jikoni kwako. Yuko hapa. Yuko hapa tangu Novemba. Alikuja na mkoba mmoja, amelowa mpaka nywele, akasimama katikati ya vitambaa vya watu vikiwa sakafuni, nami kitu cha kwanza nilichomwambia ni, “Usisogee, utachafua hariri.” Haya ndiyo makaribisho aliyoyapata.

Ulisema hukumuuliza aliona nini. Mimi nilimuuliza, akaniambia. Chuoni walimpeleka wodini mwezi wa pili tu wa masomo. Akapewa mwanamke mwenye maradhi yaleyale ya mama yake. Siku ya tatu yule mwanamke alimshika mkono akamwomba asimwite mumewe, asije akamwona vile. Ni maneno ya wifi yangu, neno kwa neno. Mtoto akasema anakwenda kuchota maji. Akapita bombani, akapita lango, akaendelea kutembea. Tangu hapo kila alipotaka kukuandikia aliliona soko zima limesimama nyuma yako linasubiri muuguzi wake.

Hilo ni lake. Sasa sikiliza langu, nalo usiliruke.

Alinikataza nisikuambie, nami nikamwapia. Lakini barua yako ya Februari ilipokuja, ile ya pete na mizani, alicheka, akalia, akaniomba karatasi. Alitaka kukuandikia mwenyewe siku ileile. Mimi ndiye niliyemwambia angoje kidogo, baba bado ana hasira. Hukuwa na hasira. Barua ilikuwa mkononi mwangu na hapakuwa na hasira hata mstari mmoja. Kila barua iliyokuja nilisema angoje kidogo. Tangu shemeji yako afariki nimekuwa nikila nimesimama, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mtoto huyu alipokuja nikaanza tena kukaa. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine ya heshima zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeficha kilio chenyewe. Sijui tuwaambie nini wahenga.

Anataka kuja. Anaogopa. Niandikie neno la kumwambia.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Ni kweli. Alikufa wiki moja baada ya barua yako fupi. Ilikuwa asubuhi, dirishani. Alikuwa amenishika kidole, na nilidhani amelala kwa sababu ya jua, mpaka rangi ya upande wa kivulini na ya upande wa jua ikawa moja. Sikumpima. Niliisogeza mizani mbele yangu, halafu nikairudisha kabatini. Nimemzika uani, chini ya ukuta, pamoja na mchanga wa beseni aliouchimba mwenyewe.

Niliogopa kuandika. Niliona kwamba nikisema amekufa, mteja hatakuwa na sababu tena ya kuniuliza kitu.

Mwambie hivi. Nimewaambia sokoni kwamba binti yangu ameacha uuguzi. Nilikwenda duka kwa duka, kama ninavyokwenda kukagua. Muuza samaki alikuwa anapara. Akasema, “Basi atafanya kingine,” akaendelea kupara. Wengine hata hawakukumbuka kwamba niliwahi kuwaambia. Hakuna soko linalosubiri. Nyuma yangu hapana mtu.

Mwambie sitamuuliza. Akitaka kusema, aseme upande wa sikio la kulia.

Na kuhusu lako uliloniambia nisiliruke: sijaliruka. Nimelisoma zaidi ya mengine yote. Ungekuwa karibu tungekaa tu. Ningekuwa mimi, dada, nami ningemwambia angoje kidogo.

Aje. Chumba cha mbele kina jua.

Mdogo wako


18 Julai

Mdogo wangu,

Barua yenu ya pamoja imefika, mwandiko wake juu, wako chini, kama siku zile mlipokuwa mkiniandikia na mama yake yupo. Nimefurahi alifika salama. Nimefurahi kwamba siku ya kwanza mlikaa uani bila kusema kitu mpaka jirani akadhani mmegombana, na kwamba siku ya nne alikusimulia habari za wodi yote, kuanzia jioni mpaka chakula kikaungua. Nimefurahi pia kwamba ameanza kumsaidia daktari wa mifugo. Kumshikilia mbuzi anayedungwa sindano si uuguzi, anasema, maana mbuzi hamwombi mtu kitu. Mwache. Atajua mwenyewe ni nini.

Ananiuliza nakulaje. Mwambie nakula vizuri. Mwambie nakula nimekaa. Hii ya pili si kweli kila siku, lakini wewe mwambie.

Siku ya kumsindikiza sikufika kituoni. Goti liligoma kwenye ngazi, au mimi niligoma nikalisingizia goti. Alinibusu mlangoni, akashuka na mkoba uleule mmoja, nami nikasikiliza viatu vyake mpaka chini, halafu nikasikia mlango wa nje, halafu watu wa kawaida wa mtaani. Nikarudi kwenye mashine nikashona mshono mrefu, nikagundua kuwa sindano haikuwa na uzi.

Kazi ya hoteli imekwisha. Jana nilikuwa nakunja mapazia ya ukumbi, yale makubwa kuliko yote. Pazia la urefu ule hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika ncha zake, mnatembea mnakutana katikati, mmoja anapokea, mnarudi nyuma tena. Yeye alikuwa akinicheka kwa sababu ninahesabu kwa sauti kama tunacheza dansi. Nilitafuta mtu wa kunisaidia. Kinyozi wa chini alikuwa amefunga. Basi nikazibana ncha mbili kwenye mlango, nikaufunga, nikashika zile nyingine mbili, nikalivuta pazia likanyooka vizuri, bila hata kikunjo kimoja. Kisha nikatembea taratibu kuelekea mlangoni, huku nikihesabu. Nilipofika nilisimama hapo kidogo nimeinua mikono. Halafu nikafungua mlango, nikazichukua mwenyewe.

Yamebaki kumi na moja ya kukunja.

Dada yako